Meli ya Mjerumani iliyojificha Sudi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mvuvi, mzaliwa wa Mikindani. Babu alikuwa akisema baba yake alibebeshwa masanduku ya Mjerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kutoka ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani, na meli iliyoyaleta ikapigwa mizinga, ikazama palepale. Mwalimu wangu akanicheka: iliyozama ni Königsberg, tena Rufiji. Nani mkweli? Na kwa nini meli kubwa iende Sudi, iache Lindi mjini?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Masanduku yalibebwa kweli. Kuzama ndiko hakukuwepo.

Mwalimu wako hakukosea, ila alitaja meli nyingine. Königsberg ilikuwa manowari; wenyewe Wajerumani waliizamisha Rufiji Julai 1915 baada ya kupigwa vibaya na Waingereza. Miezi mitatu kabla, meli ya mizigo Rubens ilikuja kuiletea makaa ya mawe, imejipaka jina la Kidenmark, Kronborg. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaifukuza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Rubens ikakaa chini kwenye maji mafupi. Wajerumani walizamia shehena, risasi zilizolowa wakazifungua moja moja na kuzianika.

Ya Sudi ni ya tatu, jina lake Marie. Iliondoka Ujerumani Januari 1916 chini ya Kapteni Sörensen, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, kwa sababu njia ya Suez ilikuwa ya Mwingereza, ikaingia Sudi tarehe 16 Machi. Ilibeba mizinga minne yenye mdomo wa sentimita 10.5, miwili ya mlimani yenye mdomo wa sentimita 7.5, bunduki, risasi, dawa na nguo za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki.

Kuhusu Lindi: maficho yake yalishajulikana. Oktoba 1914 manowari Chatham iliikuta meli ya Kijerumani Präsident imejificha mto Lukuledi, na karatasi zilizokutwa humo ndizo zilizowaonyesha Waingereza kwamba Königsberg iko Rufiji. Nani angerudia kujificha pale? Mtwara nayo usiifikirie kwa macho ya leo. Bandari yetu ya kina kirefu ilikuja baada ya Vita vya Pili, kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Nachingwea. Sudi ilikuwa na maji ya kutosha, mikoko, na jina ambalo watu wa mbali hawakulijua.

Sasa nivumilie kidogo. Nimekuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini miaka mingi, na kinachonivutia katika Marie si mizinga, ni ufungaji. Meli hupakiwa kwa kufikiria winchi. Hii ilipakiwa kwa kufikiria kichwa cha mtu: shehena ilitoka Ulaya ikiwa tayari imegawanywa mizigo ya mpagazi mmoja mmoja. Chukulia kilo 30. Tani moja ni mizigo 33, na watu 33 wanaotaka unga njia nzima. Gunia letu la korosho ni kilo 80, lakini kuli hulibeba hatua chache tu hadi kwenye rundo, halipeleki Masasi. Mzinga wa mlimani hufunguliwa vipande. Ile mikubwa ilibidi ivutwe kwa kamba, na wewe unakijua kichanga cha huku kikishanywa mvua za Machi. Hapo ghubani hakukuwa na gati wala reli, na bado mzigo ulikwenda bara. Ningempa nishani aliyepanga ile shehena, ingawa alikuwa akipanga shingo za wazee wetu.

Waingereza walipogundua, Hyacinth ileile ya Manza ikaja na wenzake, wakaipiga Marie tarehe 11 Aprili. Ilitobolewa. Lakini mzigo ulishashuka, na mabaharia wakaziba matundu, wakangoja giza, wakatoka kimyakimya usiku wa kuamkia tarehe 23. Tarehe 13 Mei ikatia nanga Batavia, mji tunaouita sasa Jakarta, chini ya Waholanzi ambao hawakuwa vitani. Septemba mwaka huohuo Waingereza walizichukua Mikindani, Sudi na Lindi, wakakuta Marie imewaacha zamani.

Kwa hiyo kama kuna vyuma vinavyonasa nyavu zenu huko Sudi, si vyake. Ila babu yako nisingemwita mwongo. Mpagazi aliyetoka Sudi na sanduku mwishoni mwa Machi alikuwa bara mzinga ulipolia, labda yuko bado njiani meli ilipotoroka. Akirudi, watu wanamwambia ilipigwa. Anatazama ghubani, haipo. Mimi mwenyewe ningesema imezama.