Mkasi Hukata Kabla ya Kamera Kuwashwa

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya filamu na tamthilia huamini kwamba mtunzi hutunga kwanza, kisha bodi ya ukaguzi wa filamu inakuja mwishoni na mkasi wake. Nimekaa vyumba vya uhariri muda wa kutosha kujua kuwa mkasi hukata mapema zaidi. Mtayarishaji anauliza, "Hii itapewa daraja gani la umri?" na mwandishi anafuta kurasa tatu bila ubishi. Kilichofutwa hapo hakuna atakayekiona, kwa hiyo hakuna atakayekilalamikia.

Ndiyo maana nakuomba usome kanuni zenyewe kabla ya kuandika onyesho la kwanza. Kazi hiyo inachosha, najua. Soma mwongozo wa bodi itakayoiainisha kazi yako, kisha masharti ya kituo au jukwaa litakaloirusha, maana mnunuzi mara nyingi ni mkali kuliko sheria. Utashangaa kuona kwamba waainishaji hawahesabu matusi na damu tu. BBFC, bodi ya kuainisha filamu ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1912, hupima pia muktadha, hali ya jumla ya filamu, na kama mtoto anaweza kuiga anachokiona. Kofi moja katika nyumba iliyojaa hofu linaweza kuhesabiwa zito kuliko ngumi kumi za vichekesho.

Kuna kisa ambacho wanaoanza hukipenda mno. Studio za Hollywood zilipitisha kanuni zao za maadili mwaka 1930, na kuanzia 1934 ofisi ya Joseph Breen ikazisimamia kwa nguvu: studio mwanachama iliyotoa filamu bila kibali chake ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Busu refu lilikuwa taabu. Mwaka 1946, katika filamu ya Notorious, mwongozaji Alfred Hitchcock akawafanya waigizaji Cary Grant na Ingrid Bergman wabusiane kidogo, waachane, wazungumzie chakula cha jioni, wabusiane tena, watembee hadi kwenye simu wakiwa wamekumbatiana. Kila busu peke yake ni fupi, lakini onyesho zima linawaka. Basi vijana wanahitimisha: vikwazo huzaa ubunifu.

Mimi hitimisho hilo silipendi, kwa sababu linamkumbuka aliyepenya na kumsahau aliyefungiwa nje. Kanuni hizo hizo zilikataza mapenzi kati ya weupe na weusi, na studio zikaulea mwiko huo hadi kwa watu wa asili ya Asia. Anna May Wong, mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya China, alitamani nafasi ya mke katika The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China. Nafasi ya mume akapewa Paul Muni, mzungu, na hapo mlango ukafungwa. Nafasi ya mke ikaenda kwa Luise Rainer, mzungu pia, na filamu ilipotoka mwaka 1937 ikampatia Oscar. Hakuna ujanja wa kamera ambao ungemsaidia Wong. Ukisoma kanuni yoyote, usiishie kwenye kinachokatazwa kuonekana; angalia pia ni nani hawezi tena kuajiriwa.

Uwakilishi wenyewe wengi huupima kwa kuhesabu vichwa. Kipimo cha mchora katuni Alison Bechdel cha mwaka 1985, kinachouliza kama wanawake wawili wanazungumza jambo lisilohusu mwanaume, kinafaa ukikitumia kwa mamia ya filamu pamoja. Kwa filamu moja kinakudanganya kirahisi. Mimi huzima sauti na kutazama mambo mawili: kamera inaingia chumbani nyuma ya nani, na uso wa nani unafunga onyesho. Hilo la pili huamuliwa na mhariri, na mwenye uso huo aghalabu ndiye anayeachiwa onyesho. Mama akipigwa na shoti ya mwisho ikawa ya mwanawe anayekunja ngumi, umeshatunga hadithi ya kisasi cha mwana, hata kama skripti ilisema ni ya mama.

Sasa, ukiambiwa ukate, omba dakika na sekunde kamili pamoja na sababu kwa maandishi. Usikimbilie kuondoa onyesho zima. Wakati mwingine tatizo ni sauti ya mfupa unaovunjika, na kuishusha kunatosha. Kuwa mwangalifu na suluhisho linalopendwa zaidi, la kubakiza kipigo na kuondoa maumivu yake. Daraja litashuka, kweli, lakini umebaki na ukatili usiomuumiza mtu, na kwangu huo ndio mbaya kuliko wote. Afadhali uondoe kipigo ubakize uso wa aliyepigwa. Kwa hiyo mkiwa bado eneo la kupigia picha, mwombe mwongozaji shoti ya akiba ya uso huo, ndefu, isiyo na maneno. Baada ya waigizaji kutawanyika, gharama ya kuipata haitalipika.