Binti, usikariri "run" peke yake

Juzi binti mmoja wa chuo, yuko Morogoro, ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimekariri maneno mengi sana ya Kiingereza, lakini nikisoma vitabu vya kozi au nikisikiliza habari bado naachwa njiani. Nifanyeje? Ninunue kamusi kubwa zaidi?" Akaambatanisha picha ya ukurasa wa daftari lake. Mwandiko safi, mistari imenyooka kwa rula, neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia. Katikati ya ukurasa imeandikwa: run, kukimbia.

Marahaba, mwanangu. Bidii unayo. Kinachokuangusha ni mstari huo wa katikati, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu najua hauko peke yako.

Neno hilo dogo la herufi tatu ndilo lenye maana nyingi kuliko yote katika kamusi kuu ya Kiingereza, ile ya Oxford ambayo James Murray alianza kuihariri mwaka 1879 na ikakamilika mwaka 1928, yeye akiwa ameshafariki. Kwa muda mrefu bingwa alikuwa "set": katika toleo la pili la mwaka 1989 kitenzi hicho kilipewa maana 430. Wahariri walipoanza kuipitia kamusi upya, "run" ikaipita mbali. Kitenzi peke yake kilifikisha maana 645, na mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alikaa nacho miezi kama tisa. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake, na kamusi ndiyo kazi yake, kitenzi kimoja kilimchukua muda wote huo. Wewe umekipa nusu mstari.

Mimi ni mfasiri, na neno hili lina historia na mimi. Miaka ya nyuma nilipewa kijitabu cha pampu za maji za umeme wa jua. Kampuni iliyonipa kazi ilinitumia na jedwali la istilahi: kila neno la Kiingereza na tafsiri moja tu, marufuku kubadilisha. "Run" ilikuwa "kukimbia". Kwenye ukurasa wa tahadhari kulikuwa na sentensi hii: "Do not let the pump run dry." Kwa jedwali lao ningeandika: "Usiache pampu ikimbie kavu." Nikawaandikia kwamba pampu ikifanya kazi bila maji sili zake, yaani vizibo vinavyozuia maji yasivuje, zinaungua, kwa kuwa maji yaleyale inayoyavuta ndiyo yanayozipoza na kuzilainisha. Nikawauliza mkulima wa vitunguu kule Mang'ola, aliyekopa fedha kununua pampu hiyo, ataelewa nini akisoma kwamba imekimbia kavu. Nilijibiwa kwamba kazi yangu ni kufuata jedwali. Nikakataa. Wakampa mtu mwingine, na kurasa nilizokwisha kufasiri hawakunilipa hadi leo. Sijasahau, wala sijioni nina kosa.

Mwaka huu mteja mwingine kabisa amenipa vijitabu vyake vyote vya pampu, akaniachia nifasiri kwa akili yangu. Vimetoka kiwandani mwezi uliopita. Ukurasa wa tahadhari unasema: "Pampu isifanye kazi bila maji." Nimeukata nikaubandika ukutani juu ya meza yangu.

Sasa yageuze yale maneno mawili, "run dry", uone. Kwa fundi wa pampu, "dry run" ni hiyohiyo pampu kufanya kazi bila maji. Ukienda kwa waandaaji wa shughuli, "dry run" ni mazoezi ya ratiba nzima kabla wageni hawajafika. Maneno ni yaleyale, yaliyobadilika ni maneno jirani na mahali. Hospitalini nako mambo ni mengine. Mgonjwa "is running a temperature", ana homa. Pua yake "is running", kamasi zinamtiririka. Ugonjwa "runs in the family", uko kwenye ukoo. Na akisema "I have the runs", muulize kuhusu maji ya kunywa, maana anaharisha.

Usishangae, kwani Kiswahili nacho kinafanya hivyohivyo, tena bila kukusumbua. Tunaendesha gari, tunaendesha kikao, tunaendesha duka, na mtoto akila vibaya ana tumbo la kuendesha. Chukua "piga": pasi, simu, mswaki, deki, hodi, kura, magoti, miayo, mbizi, kambi. Nani alikukalisha chini akufundishe kwamba kupiga deki hakuna kuchapa? Ulilisikia neno likiwa na mwenzake, ukalichukua na mwenzake. Kiingereza kichukue vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawalisemi, nami nimeligundua kwa kufanya kazi. Sisi kitenzi tunakibadilisha mkiani: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Kiingereza hakina mkia huo, kwa hiyo kinaweka kineno nyuma ya kitenzi. "Run out of" ni kuishiwa. "Run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga kitu. "Run over" ni kumkanyaga mtu kwa gari. "Run through" ni kupitia jambo harakaharaka. Ukikariri "run" ukaacha hicho kineno, ni sawa na mgeni anayejifunza "kimbi" akaacha kilichobaki. Usikitenganishe kamwe. Kiandike pamoja, kitamke pamoja.

Angalia na nchi. Mmarekani anayegombea ubunge "runs", Mwingereza mwenzake kwa kawaida "stands". Mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na wote wawili wanatafuta kura. Daftari lako lingekuambia nini hapo?

Basi acha orodha. Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu vijana wetu wanapoteza miaka kwenye orodha, halafu wanaambiwa hawana akili ya lugha. Akili mnayo, mnakula makapi tu. Andika sentensi nzima uliyokutana nayo, na chini yake useme kwa Kiswahili kilichotokea, si neno limekuwa neno gani. Ukiikuta "run" tena, andika tena, hata kama ni mara ya ishirini. Kamusi kubwa iache kwanza. Uliyo nayo inatosha, ila usiishie maana ya kwanza, shuka hadi chini.

Anza na hii. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock ya Uingereza walipanga foleni hadi barabarani kutoa fedha zao, wakihofia benki itaanguka. Kwa Kiingereza hiyo ni "a run on the bank". Wengi walikuwa wamesimama tu kwenye foleni, lakini mwaka huo hata mimi ningeandika kwamba watu wameikimbilia benki. Iandike daftarini sentensi nzima, na benki yake na foleni yake.