Je, Mawe ya Stonehenge Yalitoka Afrika?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa kidato cha tatu amenionyesha maandishi yanayodai kwamba mawe makubwa ya Stonehenge, kule Uingereza, yalibebwa na majitu kutoka Afrika. Je, dai hilo lina ukweli wowote? Na je, ni kweli kwamba palikuwa hekalu la makuhani waitwao Druid? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, hekaya hiyo ipo, tena ni ya kale, ingawa mawe yenyewe hayakutoka Afrika. Tunaipata kwa Geoffrey of Monmouth, mtu wa kanisa aliyeandika kwa Kilatini historia ya wafalme wa Britania mnamo mwaka 1136 hivi. Anasimulia kwamba mfalme Aurelius Ambrosius alitaka kuwajengea ukumbusho wakuu wake waliouawa kwa hila na wavamizi Wasaksoni, na Merlin, mchawi wa hekaya, akamshauri afuate Ngoma ya Majitu, duara la mawe lililosimama juu ya mlima huko Ireland. Majitu ndiyo yaliyoyaleta mawe hayo kutoka pande za mbali za Afrika, kwa kuwa mawe yalikuwa na uwezo wa kuponya: maji yaliyomwagwa juu yake yalitumiwa kuwaogeshea wagonjwa. Askari 15,000 walijaribu kuyang'oa kwa kamba na ngazi wakashindwa, hadi Merlin alipoyashusha kwa ujuzi wake, huku akiwacheka.

Wanaakiolojia wanaeleza mambo mengine. Mtaro na tuta la duara vilichimbwa mnamo mwaka 3000 KK, na kwa karne kadhaa watu walizika hapo majivu ya maiti zilizochomwa. Mawe makubwa, yenye uzito wa wastani wa tani 25, yalisimamishwa mnamo mwaka 2500 KK. Uchunguzi wa kikemia uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mengi yake yalitoka msitu wa West Woods, umbali wa kilomita 25 hivi. Wajenzi walichonga ulimi juu ya kila nguzo na tundu katika jiwe la kulazwa juu yake, ufundi wa seremala uliohamishiwa kwenye mwamba. Mawe madogo zaidi yalitoka milima ya Preseli, magharibi mwa Wales, zaidi ya kilomita 200, na mwaka 2024 iligunduliwa kwamba jiwe liitwalo la Madhabahu, lenye tani 6, asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Scotland, zaidi ya kilomita 700.

Kwa hiyo Geoffrey alikosea nchi, lakini hakukosea aliposema kwamba baadhi ya mawe yalitoka mbali, upande wa magharibi. Wapo wataalamu wanaoona hapo mabaki ya kumbukumbu halisi. Mimi nina shaka, kwani kati ya ujenzi huo na kalamu yake ilipita zaidi ya miaka 3,500, na simulizi isiyoandikwa ni nadra kudumu hivyo.

Kuhusu Druid, dhana hiyo ilienezwa na wachunguzi wa mambo ya kale wa Kiingereza, John Aubrey katika karne ya 17 na William Stukeley katika karne ya 18. Makuhani hao wanatajwa na waandishi wa Kigiriki na Kirumi takriban miaka 2,000 baada ya mawe kusimamishwa, kwa hiyo hawakuwa wajenzi wake.