Barua kwa mwanangu: Yule rabi mwanamke wa Berlin

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi hapa Mombasa hatujambo, ila joto tu. Umeniuliza juu ya yule mwanamke uliyemwona Berlin akiongoza ibada sinagogini, shali mabegani: hao ni Wayahudi kweli, au kikundi kilichojitenga? Na nyuma yao yuko nani?

Ni Wayahudi, ingawa ndugu zao wa Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za jadi, hawakubaliani nao kwa mengi. Nilipokuwa London nikimtunza yule bibi mzee, Ijumaa jioni nilimwekea mishumaa miwili mezani, na Jumamosi nikimsukuma kwenye kiti chake hadi sinagogini kwao. Wake kwa waume walikaa pamoja, na kitabu cha sala kilikuwa ukurasa huu Kiebrania, ule Kiingereza. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Lily Montagu.

Lily alikuwa binti wa tajiri mwenye benki, mtu aliyeishika dini barabara. Binti akataka sala zieleweke na wanawake wapate nafasi. Baba akachukia, hata wosia wake ukaweka sharti la kumpunguzia urithi. Mimi ni mzazi, sikufichi, na huyo baba pia namwonea huruma. Lakini Lily hakurudi nyuma. Mwaka 1926, yeye na Claude Montefiore na rabi Israel Mattuck waliwaita London wenzao wa nchi mbalimbali, ukazaliwa Umoja wa Dunia wa Uyahudi wa Kimaendeleo, ndio ulio nyuma ya Wayahudi wa namna hiyo. Mwaka 1928 wakakutana hukohuko Berlin uliko, naye Lily akapanda mimbarini akahubiri.

Umoja huo hauamrishi mtu. Sinagogi la familia chache, peke yake katika mji mzima, litampata wapi rabi, au mwalimu wa watoto? Hapo ndipo Umoja unapoingia kusaidia. Makao yake yako Jerusalem tangu 1973, na cha ajabu, ndoa ikifungishwa na rabi wao hukohuko Israeli, serikali haiiandikishi. Maharusi wengi huvuka hadi kisiwa cha Kupro wakafunge ndoa huko.

Na yule uliyemwona si wa kwanza. Berlin ilikuwa na Regina Jonas, aliyepewa urabi mwaka 1935 na kuuawa Auschwitz mwaka 1944. Kibao cha kumbukumbu yake kiko mtaa wa Krausnickstraße. Ukipata nafasi nenda, unipigie picha.

Mamako