Maswali ya Wasomaji: Sumukuvu moja, wasomaji watatu

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni afisa ugani mkoani Dodoma. Niliandaa taarifa ya kurasa nne kuhusu sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu) kwenye mahindi, nikaigawa kwa wakulima, wanunuzi wa mazao na mkurugenzi wa halmashauri. Wakulima walisema ni nzuri, lakini bado wanaanika mahindi chini. Mkurugenzi ameirudisha na kuandika pembeni: "Unaomba nini?" Nianzie wapi kuirekebisha?

JIBU: Usiirekebishe. Iweke kwenye faili iwe akiba yako ya takwimu, kisha andika tatu mpya. Kabla ya kila moja jiulize: huyu akimaliza kusoma, afanye nini? Mkulima anaanika, mnunuzi anapima, mkurugenzi anasaini. Wengi hudhani kumwandikia mkulima ni kuondoa maneno magumu tu, na kinachotoka ni ripoti ya maabara iliyovalishwa kandambili.

Tuanze na mkulima, maana huko ndiko kwenye kazi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Namba ni sahihi, ila haimsaidii mtu asiye na kipima unyevu. Mpe kipimo kilichomo jikoni mwake: achukue chupa kavu yenye mfuniko, ajaze mahindi hadi robo au theluthi, atie vijiko viwili au vitatu vya mezani vya chumvi kavu, afunge, atikise kwa nguvu dakika kadhaa, kisha aiache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka.

Hapa ndipo kurahisisha kunapogeuka kupotosha. Kipimo hiki hukamata unyevu unaozidi takriban asilimia 15. Chumvi isipoganda, mkulima ameshuka chini ya 15. Bado hajathibitisha kwamba amefika 13.5. Kwa hiyo ongeza sentensi moja: "Chumvi isipoganda, endelea kuanika, usifunge magunia siku hiyo hiyo." Nyingine iseme chumvi yenyewe iwe kavu kabisa, kwa sababu chumvi iliyokaa wazi karibu na sufuria hunyonya maji na kipimo kitadanganya.

Kuhusu kuanika chini, tazama ulivyoandika. Kama ni "inashauriwa kuepuka mgusano wa nafaka na udongo", hujamwambia mtu yeyote kitu. Andika: "Anika juu ya turubai. Kuvu inayotoa sumu hii huishi kwenye udongo." Kitendo kwanza, sababu mara moja baada yake. Kisha jibu yale ambayo msomaji anayafikiria bila kuuliza: kupika ugali hakuondoi sumu, na mahindi yaliyoota ukungu wasipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu huwadhuru mifugo pia, na ya ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa.

Mnunuzi ni mtu wa namba. Usimpotezee nusu ukurasa ukimweleza kuvu ni nini. Mpe 13.5, mpe kikomo cha sumukuvu (mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1), kisha mwambie inamgharimu vipi: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kikomo hicho hakijavukwa. Mwenye lori mpakani hahitaji maelezo zaidi. Kitu kimoja cha kitaalamu anachokihitaji ni sampuli: sumu haisambai sawasawa, punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa. Achome bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli) kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini. Gunia moja la mlangoni halisemi lolote kuhusu shehena.

Kwa mkurugenzi andika dokezo la ukurasa mmoja. Ombi likae kwenye sentensi ya kwanza: unaomba nini, vingapi, kwa shilingi ngapi, kutoka kasma (fungu la bajeti) ipi, kabla ya tarehe gani. Mstari mmoja ukumbushe mlipuko wa mwaka 2016 uliosababisha vifo Dodoma na Manyara. Majedwali yaende kwenye kiambatisho.

Kabla ya kugawa, msomee mkulima mmoja. Usimuulize "umeelewa?", maana kwa heshima atakujibu ameelewa. Muulize: "Kesho asubuhi utaanza na nini?"

SWALI: Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Tunawatumia wanachama ujumbe mfupi wa simu, lakini safari hii tumetozwa mara mbili ya kawaida ingawa maneno ni yale yale. Kwa nini?

JIBU: Tazama kama umenakili ujumbe kutoka kwenye programu ya kuandikia barua. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ikiingia alama moja tu isiyo ya mfumo wa kawaida wa simu, ujumbe wote hushuka hadi herufi 70. Emoji hufanya hivyo, na kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada: ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng'ombe au kung'oa, ambayo kompyuta huipinda yenyewe. Ifute, uiandike upya kwenye simu ikiwa imenyooka.

Mfano wa ujumbe unaotosha, herufi 137: "Mahindi yasiyokauka hayatapokelewa ghalani. Kabla ya kuleta, pima kwa chumvi na chupa. Mapokezi: Jumanne saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana."

Salamu na "uongozi unapenda kuwataarifu" tumeviacha makusudi. Kwenye mkutano ni adabu. Kwenye simu vinakula nafasi ya tarehe. Neno "asubuhi" usilifute hata ukibanwa, kwani kuna watakaosoma saa 2 kama saa ya kimataifa.

SWALI: Makala yetu ya Dar es Salaam itatumika pia Kenya. Je, tubadilishe Kiswahili?

JIBU: Sarufi iacheni. Badilisheni vyeo na vipimo. Mkulima wa Kitui hana afisa mtendaji wa kijiji, ana chifu na naibu wake. Hana halmashauri, ana kaunti. "Sumukuvu" ielezeni mara ya kwanza kuwa ndiyo aflatoksini, kwa sababu hilo ndilo jina analolisikia redioni. Gunia ndilo lenye hatari zaidi: Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100. Bei kwa gunia ikivuka mpaka bila kugeuzwa kuwa bei kwa kilo, hesabu ya msomaji imeharibika tayari.