Fedha za jiji kwa nyumba za wasio na makazi: anzeni na gharama za kuendesha

Msomaji anayeongoza jumuiya ya Wakongo na Warundi huko Marekani ameuliza: kanisa lina kiwanja, jiji limetangaza fedha, waombe vipi ili wajenge nyumba 40 za watu wa kipato cha chini zenye huduma ndani, na pembeni makao ya dharura? Nia ni njema. Ila nawasihi waiweke ramani kando kwanza.

Mradi wa namna hii unahitaji mafungu matatu: la kujenga, la kuendesha na la huduma. La kwanza ndilo majiji hupenda kutoa, maana jengo linaonekana. Los Angeles, Novemba 2016, wapiga kura walipitisha hati fungani za dola bilioni 1.2, lakini hizo zilikuwa za kujenga tu. Fedha za huduma zilitegemea kaunti, ambako mwaka 2017 ilipitishwa nyongeza ya asilimia 0.25 kwenye kodi ya mauzo.

Pigeni hesabu ya mpangaji mmoja. Anayeishi kwa posho ya SSI pekee, yaani posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, alipata, mwaka 2025, hadi dola 967 kwa mwezi. Kwa vocha, yaani msaada wa serikali unaolipa sehemu ya pango inayobaki, yeye atalipa pango la karibu asilimia 30 ya kipato chake, yaani dola 290. Hizo peke yake hazilipi bima, maji, mlinzi wa usiku na lifti ikiharibika. Kwa hiyo tafuteni vocha zinazofungwa kwenye jengo, kutoka mamlaka ya nyumba ya eneo lenu, na barua ya ahadi iwe mkononi kabla ya kuchimba msingi. Kisha huduma: mhudumu mmoja kwa wapangaji 15 hadi 20, kwa hiyo nyumba 40 zinataka angalau wawili, na mshahara wao uonekane kwenye bajeti ya kila mwaka. Inauma kuona mtu aliyelala nje miaka mingi anakabidhiwa funguo, halafu hana wa kumsaidia kumeza dawa zake kwa wakati wala kujibu barua ya onyo la kuchelewesha pango. Akifukuzwa, anarudi barabarani.

Makao ya dharura yaombewe peke yake. Fedha nyingi ambazo jiji hugawa hutoka serikali kuu, na kila fungu lina masharti yake. Fedha za kawaida za HOME, fungu la nyumba za bei nafuu, haziyajengi. Za CDBG, fungu la maendeleo ya jamii, zinaweza kuyaendesha, ila jiji lina kikomo cha asilimia 15 kwa huduma za jamii zote, na mnagombania humo na vituo vya wazee na vijana. Za ESG, fungu la makao ya dharura, zinadai dola kwa dola, yaani kila dola inayotolewa itafutiwe nyingine kutoka kwingine, na mara nyingi jiji huwatupia ninyi mzigo huo. Saa za kujitolea zinahesabika kama mchango huo, mradi ziwe zimeandikwa na kusainiwa.

Kosa linaloua maombi ni haraka. Mkishaomba fedha za serikali kuu, msinunue jengo, msibomoe, msisaini mkataba wa ujenzi mpaka tathmini ya mazingira ikamilike na jiji lipate kibali cha kutumia fedha. Mkitangulia, mradi unaweza kukosa sifa kabisa. Mwenye kiwanja akiwabana, wekeni mkataba wa hiari ya kununua, kwa malipo madogo, unaotegemea matokeo ya tathmini.

Jueni pia kwamba jiji kwa kawaida hurudisha fedha mlizokwisha kutumia. Muwe na akiba ya mishahara ya miezi mitatu. Dai moja lenye karatasi ya saa za kazi isiyo na sahihi ya msimamizi linaweza kukataliwa lote.

Na hili jumuiya ilisikie mapema: nyumba hizo hazitakuwa za watu wenu. Kwa kawaida wapangaji hutoka kwenye orodha ya pamoja ya wasio na makazi wa eneo zima, na sheria ya nyumba ya 1968 inakataza kubagua kwa asili ya taifa. Mnaloweza kuwafanyia wenzetu ni kuwafikisha kwenye usaili wa orodha hiyo mapema, wakiwa na mkalimani wa Kiswahili, kitambulisho, kadi ya hifadhi ya jamii na barua inayothibitisha wanakolala.