Mwanangu anatumia unga: je, methadone ni halali, na nianzie wapi?

SWALI

Asalaam alaykum shehe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Pasua, Moshi. Mwanangu wa pili ana miaka 26. Alianza na pombe alipokuwa kondakta wa Hiace, sasa ni unga (heroini), na siku akikosa unga hunywa gongo. Ameshauza simu yangu, masufuria, mpaka mabati ya banda la kuku. Wiki iliyopita aliniambia kwa kinywa chake, "Mama nimechoka, nitafutie tiba." Baba zake wadogo wanataka tumfungie ndani mwezi mzima asomewe Qur'an. Wengine wanasema nimfukuze, maana swala yake haikubaliwi siku 40 na nyumba inakosa baraka. Jirani kanitajia dawa ya methadone, kwamba Arusha ipo, na mimi nina dada yangu anayeishi huko, mtaa wa Sakina. Lakini jirani mwingine kasema hiyo nayo ni unga, unga wa serikali tu, ni haramu. Shehe, nifuate lipi? Nianzie wapi?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale mwanao aliposema "nimechoka". Wanazuoni wanasema toba ina nguzo: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Kijana wako majuto anayo, na azma imeanza kuota. Kilichobaki ni kuacha, na kuacha unga kunamshinda kwa sababu mwili wake umefungwa. Hapo ndipo anapoomba mkono. Kwa hiyo kumtafutia tiba ni kumsaidia kutubu, na ujira wake kwa Mwenyezi Mungu ni mkubwa.

Majibu yenyewe kwa ufupi: methadone anayopewa na daktari inafaa kisheria. Kumfungia ndani hakufai. Kumfukuza wakati huu ni kumrudisha kijiweni kwa mikono yenu. Sasa nieleze.

Nianze na hizo siku 40, kwa sababu zimewatoa vijana wengi msikitini. Hadithi ipo, wameipokea Tirmidhi na wengine, kwamba anayekunywa pombe hakubaliwi swala yake siku 40. Lakini watu huisoma nusu. Hadithi hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake. Na wanazuoni, akiwemo Imamu Nawawi, wameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu. Faradhi yenyewe bado iko shingoni mwake, na akiswali deni linashuka. Hakuna aliyesema asiswali. Akiwa na akili zake, mwamshe Alfajiri kama unavyowaamsha wenzake.

Na kuhusu kumfukuza, wasomee baba zake wadogo kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari. Alikuwepo mtu zama za Mtume (s.a.w.) akiitwa Abdullah, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume. Alikuwa mnywaji, na aliletwa kuadhibiwa zaidi ya mara moja. Siku moja mtu akasema, "Ewe Mola mlaani, mara ngapi analetwa!" Mtume akasema msimlaani, kwani ninavyomjua anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika riwaya nyingine akawakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Mama, yule mtu alianguka tena na tena, na mapenzi yake kwa Mtume hayakukanushwa. Haramu ilibaki haramu, na yeye akabaki ndugu.

Sasa hili la kumfungia ndani. Hapa nitasema kwa uchungu, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosea.

Nilipokuwa imamu kijana hapa Arusha, familia moja ilinijia kuhusu baba yao, mnywaji wa gongo wa asubuhi na jioni kwa miaka mingi. Nikawaambia wamzuie ndani siku saba, nami nitakuja kila baada ya Isha kumsomea. Siku ya kwanza alitoka jasho tu. Siku ya pili mikono ilimtetemeka mpaka kikombe cha uji hakikufika mdomoni, kilimwagikia kifuani. Usiku wake akawa anapangusa ukuta kwa kiganja, anafukuza wadudu ambao sisi hatukuwaona. Nikadhani ni jini, nikaongeza kisomo. Alfajiri ya siku ya tatu mwili ukakakamaa, macho yakageuka, akawa anatapatapa chini kama mwenye kifafa. Tulimpakia kwenye gari la jirani tukakimbia hospitali. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Amekata pombe lini?" Alipona, alhamdulillahi, lakini sijaisahau sauti ya kichwa chake kikigonga sakafu.

Baadaye nikaelezwa. Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku akikatishwa ghafla, ubongo wake hupata mtikisiko, na ndani ya siku mbili tatu anaweza kuona mauzauza, kushikwa na kifafa, hata kufa. Hospitalini hupewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 na maji. Ni kazi ya wauguzi, si ya kufuli.

Unga nao una njia yake. Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa unga, huanza ndani ya nusu siku: machozi, makamasi, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma kama inapondwa. Hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hutulia baada ya wiki hivi. Mara chache huua yenyewe, ingawa anayetapika na kuharisha bila kupewa maji yuko hatarini. Hatari kubwa inakuja mlango unapofunguliwa. Mwili uliokaa mwezi bila unga umeusahau. Akitoka akatumia kipimo kile kile cha zamani, pumzi inakata. Vijana wa namna hiyo tumewazika, wametoka tu rumande au wametoka kufungiwa, na wazazi walikuwa wameanza kushukuru. Waambie baba zake wadogo hilo bila kuwaficha.

Kisomo msikiache. Qur'an ni ponyo, na mimi niko tayari kumsomea. Lakini kisomo kiende pamoja na tiba. Mabedui walipomuuliza Mtume kama watafute dawa, aliwaambia watafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi.

Tuje kwenye methadone. Jirani yako hakukosea kila kitu. Methadone ni ya ukoo mmoja na heroini, na sitakuficha. Ila morfini nayo ni ya ukoo huo huo, na mgonjwa aliyepasuliwa tumbo anapochomwa sindano ya morfini hakuna anayesema amefanya haramu. Sheria inatazama kusudio, kipimo na athari. Heroini humpandisha mtu, humshusha ndani ya saa chache, kisha humtuma kuuza sufuria la mama yake ili apate kete nyingine. Methadone hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mgonjwa hufika kliniki, hupewa kimiminika, hukinywa mbele ya mhudumu, basi. Huanzishwa kipimo kidogo kinachopandishwa polepole mpaka arosto ikome bila kulewa, na muda ukifika hushushwa hivyo hivyo polepole. Sura An-Nisaa, aya ya 43, inawakataza waumini kuikaribia swala wakiwa wamelewa, mpaka wayajue wanayoyasema. Aliyekaa sawa kwenye methadone anayajua anayoyasema. Anaweza kufanya kazi, na anaweza kusimama safu ya kwanza.

Wapo wanaoleta hadithi kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ponyo yetu katika alivyotuharamishia. Ni kweli, na inahusu mtu kunywa pombe akisema ni dawa. Hapa tuna mgonjwa ambaye asipopata tiba hii atarudi kwenye unga unaoua, na Al-Baqara 173 imemwondolea dhambi aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka. Huko kutovuka mpaka ndiko ninakokusisitizia: anywe alichopimiwa, asiiuze, asichanganye na gongo wala vidonge vya usingizi. Mchanganyiko huo huzima pumzi. Na ujue kwamba methadone haitibu pombe wala bangi; pombe ina tiba yake.

Ramadhani itakuja, na najua utauliza. Dawa hutolewa mchana, tena mbele ya mhudumu. Kama daktari anasema hawezi kuikosa na kliniki haina saa nyingine, mwanao ni mgonjwa, anakula kwa ruhusa ya Al-Baqara 184, na atalipa siku zake akishamaliza tiba. Ikiwa tiba ni ya muda mrefu isiyojulikana mwisho, atoe fidia ya kumlisha masikini kila siku, na akija kupona nitampenda zaidi akilipa. Asiache dawa kwa ajili ya funga akaja kufuturu kwa kete.

Sasa uanzie wapi. Usianze na basi la Arusha. Kwa kuwa ana unga na gongo pamoja, anza hapo hapo Moshi na daktari: Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, au KCMC. Mapokezi ulizia kliniki ya afya ya akili. Usione haya kwa jina hilo. Waraibu ndiko wanakohudumiwa. Daktari aambiwe yote: gongo kiasi gani kwa siku, kete ngapi, anavuta au anajidunga, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Hiyo si kusengenya wala kumvunjia sitara. Kueleza aibu ya mtu kwa anayeweza kumsaidia ni miongoni mwa mambo ambayo wanazuoni wameyaruhusu waziwazi. Kama amewahi kujidunga, akubali vipimo vya Ukimwi na homa ya ini.

Jambo la pili, piga 119. Ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Wengi wanaiogopa wakidhani ni ya kuchongea watu tu. Waulize kliniki ya methadone iliyo karibu nawe, ya Arusha iko wapi na mgonjwa mpya huandikishwa vipi. Mamlaka ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Tiba hii Tanzania Bara ilianzia Muhimbili mwaka 2011, na katika kliniki za serikali dawa hailipiwi. Gharama yako ni nauli, na nauli ndiyo inayoangusha watu. Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80. Hakuna atakayekwenda na kurudi kila siku ya Mungu kwa mwaka mzima. Ikibidi tiba iwe Arusha, basi huyo dada yako wa Sakina ndiye mlango. Zungumza naye mapema, mwambie ukweli wote, pamoja na habari ya simu na mabati, ili asije kushtuka akamtoa. Kuhama Pasua kuna faida yake pia. Anayemuuzia hatamwona asubuhi akienda dukani.

Zipo pia nyumba za upataji nafuu, zile wengi wanaziita soba. Wengine zimewafaa sana, hasa wenye pombe waliokwisha kutolewa sumu hospitalini. Ila nyingi ni za kulipia, na si zote zinafanana. Kabla hujatoa fedha nenda mwenyewe kwa miguu yako. Uliza wamesajiliwa na nani, daktari anakuja lini, akishikwa na arosto usiku wanafanya nini, na wewe utamwona lini. Ukisikia wanafunga minyororo au wanapiga, ondoka naye. Mwili wa mwanao una heshima hata akiwa katika hali hiyo.

Kuhusu fedha: zaka yako wewe huwezi kumpa mwanao unayewajibika kumtunza. Lakini baba zake wadogo wanaweza. Kijana hana kitu, ni katika mafakiri na masikini waliotajwa kwenye At-Tawba 60, na kumpa zaka ndugu masikini ni zaka na ni kuunga udugu. Kama walikuwa tayari kununua kufuli, wanunue nauli. Ila fedha isipite mkononi mwake. Akate tiketi mwingine, chakula umpikie wewe.

Huenda akateleza. Akiteleza umrudishe kliniki siku hiyo hiyo, bila matusi ya mabati.

Sasa mpaka siku ya kwenda hospitali, kama anakunywa gongo kila siku usimkatishe mwenyewe nyumbani. Sikuhalalishii pombe, mama. Nakukumbusha yule mzee ukutani. Safari yenyewe isipite Jumatatu, maana neno "nimechoka" halikai muda mrefu mdomoni mwa mtu wa unga. Toka mapema, chukua kitambulisho chake kama hakijauzwa, kadi ya bima kama ipo, chupa ya maji, na nguo ya kubadilisha kwa sababu anaweza kutapika njiani. Mchukue na mmoja wa baba zake wadogo, yule mpole wao. Ukifika ukaambiwa urudi kesho, muombe daktari akuandikie tarehe kwenye karatasi, na kesho yake urudi.

Nimemuweka mwanao kwenye dua ya msikiti wetu baada ya Magharibi, bila kumtaja jina.

Wallahu aalam.